Kabla nauli ya London haijapanda, usikimbilie kujaza salio

Jumamosi ya tarehe 4 Machi 2023 nilisimama mbele ya mashine ya tiketi stesheni ya Stratford, nikaingiza pauni 60 kwenye kadi yangu ya Oyster, ile ya kulipia treni na mabasi ya London. Nauli ilikuwa inapanda kesho yake, nami niliamini nimeiwahi. Jumatatu asubuhi nikagusisha kadi kwenye geti la kutokea Liverpool Street, kioo kidogo kikaandika 3.40. Wiki moja kabla, safari hiyohiyo ilikuwa 3.20.

Kila ikikaribia Machi nasikia Waswahili wenzangu wakiambiana, "Jaza kadi mapema!" Inaniuma, kwa sababu pesa iliyo ndani ya Oyster ni pesa tu, sawa na iliyo mfukoni. Inakatwa kwa bei ya siku unayosafiri. Kinachokukinga ni tiketi ya muda, yaani Travelcard. Hiyo umeshailipia, na ikiwa imeanza kutumika kabla ya siku ya kupanda, bei mpya haikuhusu mpaka itakapokwisha.

Mwaka 2025 nauli ilipanda tarehe 2 Machi. Travelcard ya wiki ya zoni 1 na 2, yaani katikati ya jiji na maeneo yanayopazunguka, ilitoka pauni 42.70 ikafika 44.70, na ya mwaka ikatoka 1,708 ikafika 1,788. Mimi nilinunua ya mwaka mwishoni mwa Februari, nikaokoa pauni 80 hapohapo. Lakini faida kubwa haikuwa hiyo. Tiketi ya mwaka inauzwa kwa bei ya wiki 40, nawe unaitumia wiki 52.

Nina kazi mbili: alfajiri usafi wa ofisi, jioni nahudumia wazee. Ni safari nne kwa siku, Jumapili kanisani juu yake. Kwa kulipa safari moja moja ningefikia kikomo cha wiki, yaani kiasi cha juu kabisa wanachoweza kukukata kwa wiki, pauni 44.70, karibu kila wiki. Toa likizo, bakiza wiki 48: ni pauni 2,145.60. Nililipa 1,708.

Sasa wewe unayekwenda kazini na kurudi tu, siku tano, tulia kwanza. Kwa nauli ya mwaka 2025, safari 10 kwa pauni 3.50 zilikuwa 35 kwa wiki. Kwa wiki 47 ni 1,645, hata bei ya zamani ya tiketi ya mwaka, 1,708, isingekufaa. Na ukigusisha kadi kabla ya saa 12:30 asubuhi unalipa nauli ya nafuu, kwa hiyo hesabu yako inashuka zaidi. Anayepanda mabasi pekee asihangaike kabisa: mwaka ule basi lilibaki pauni 1.75, na la pili ndani ya saa moja ni bure.

Swali ninaloulizwa daima ni pauni 1,708 zinatoka wapi kwa mkupuo. Ulizia kwanza kazini. Waajiri wengi hapa hukopesha pesa ya tiketi ya mwaka bila riba, wanakata kidogo kidogo kwenye mshahara. Kazini kwangu hawatoi. Mimi nilitumia mchezo, ule wa kuchanga na kupeana pesa kwa zamu. Tuko kina mama kumi, kila mmoja anatoa pauni 170 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa Septemba. Nikampigia kijumbe, anayetukusanyia pesa, mwezi Desemba, akazungumza na mwenye zamu ya Februari. Yule mama akaniambia, "Chukua, mwanangu, mimi Septemba ndiyo nalipa ada ya mtoto." Nikaongeza pauni 8 zangu. Miezi iliyofuata ile 170 ya mchezo ilikuwa ndiyo pesa niliyokuwa naiacha getini.

Usiinunue kama una mpango wa kuhama au kuacha kazi. Ukiirudisha katikati hawagawi sawasawa kwa miezi. Wanahesabu bei ya kawaida ya muda uliotumia, na ikipita miezi kumi na nusu hakuna kinachorudi.

Na andikisha kadi kwenye akaunti yako ya mtandaoni siku hiyohiyo. Juni niliiangusha ndani ya basi namba 25, nikashuka Mile End mikono inatetemeka, nikijua nimeangusha mchezo mzima. Kwa kuwa ilikuwa imeandikishwa, walifunga ile iliyopotea na tiketi yangu ikahamishiwa kadi mpya, na siku zake zote zilizobaki.