Usiulize Kama Kito ni Halisi

Pete ninayo hadi leo. Imo ndani ya kijaluba cha marehemu bibi, pamoja na vipini vyake viwili na kipande cha mkufu uliokatika. Ukiiona kwa mbali utaisifu: fedha safi, kito chekundu cha ukubwa wa punje ya kunde. Isogeze dirishani. Kito kizima kina mistari myeupe inayopishana, kama nyufa za chokaa kwenye ukuta wa nyumba iliyohamwa.

Niliinunua Malindi, nilipokwenda harusini kwa binamu yangu. Dukani kulikuwa na taa kali na muuzaji mwenye adabu, nami nikauliza lile swali tunalouliza sote: "Hii yakuti ni halisi?" Akanijibu bila kusita kuwa ni halisi. Nikatoa shilingi 16,000 nilizokuwa nimezidunduliza miezi mingi, nikarudi nayo Lamu moyo umejaa.

Kwetu fedha husafishwa kwa ndimu. Bibi alikuwa akizisugua bangili zake kwa ndimu na majivu, zikarudi kung'aa kama zimetoka kufuliwa jana. Basi pete yangu ilipoanza kupata weusi niliikamulia ndimu kwenye kibakuli, nikaitumbukiza, kisha shughuli za Maulidi zikanichukua. Nilikuja kuikumbuka siku ya pili. Fedha ilikuwa imetakata. Kito kilikuwa kimekufa.

Niliipeleka kwa sonara mmoja mzee hapa mjini, ambaye ndiye aliyemfulia mama vipuli vya harusi yake. Akaitazama kwa kile kioo chao kidogo kinachokuza mara 10, akaigeuza polepole kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akanipa kioo nitazame mwenyewe. Sehemu ya chini ya jiwe ilikuwa haijaharibika sana. Humo ndani niliona viputo vidogo vya hewa, kama vya soda, na kila nilipoinamisha pete ulipita mmweko wa buluu ndani ya wekundu.

"Mwanangu, ulimuuliza nini aliyekuuzia?"

"Kama ni halisi."

"Basi hakukwambia uongo. Yakuti imo. Lakini nusu ya unachokiona ni kioo."

Akanieleza. Kuna yakuti hafifu, zina nyufa nyingi mpaka hazipitishi mwanga, hazina thamani ya kukatwa. Tangu miaka ya 2000 zimeenea sokoni baada ya kujazwa kioo chenye madini ya risasi ndani ya zile nyufa. Kioo hicho kinapitisha mwanga karibu sawasawa na yakuti yenyewe, kwa hiyo nyufa zinapotea machoni na jiwe bovu linageuka kuwa jekundu la kupendeza. Ila kioo cha risasi hakistahimili asidi. Ndimu inakila, siki inakila, dawa kali za kusafishia zinakila. Hata moto wa sonara anayekupanulia pete unaweza kukiharibu. Lile duka lilikuwa limeniuzia kitu kinachotakiwa kulelewa kama yai, bila kuniambia.

Tangu siku hiyo sijamuuliza muuzaji yeyote kama kito ni halisi. Neno hilo ni pana mno, kila kitu kinapita ndani yake. Nauliza: hiki ni kitu gani, kimefanywa nini, na uko tayari kuniandikia kwenye risiti? Hilo la tatu ndilo linalowabadilisha watu sura. Mtu aliyekuwa akiapa kwa ulimi, ukimpa kalamu utamwona anaanza kuchagua maneno.

Wafua fedha wetu wa Lamu wana pete wanazozitengeneza kwa vipande vya sahani kuukuu za kaure, vya buluu na vyeupe, wakavichonga na kuvizungushia fedha. Nazipenda kwa dhati, na nimewapa wageni wengi zawadi. Anayekuuzia atakwambia wazi kuwa hiki ni kipande cha sahani iliyovunjika. Unajua unacholipia, basi huna cha kujuta.

Kutengenezwa si kosa, na hapa nataka nieleweke vizuri. Tanzanaiti karibu zote hutoka ardhini kule Mirerani zikiwa na rangi ya kahawia, na moto ndio unaozitoa ile buluu yake. Rangi hiyo inadumu, na biashara nzima inalijua jambo hilo. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zake zisionekane. Hilo nalo ni la kawaida, lakini mafuta yanaweza kukauka au kutoka, kwa hiyo zumaridi usiichemshe wala usiitie kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo. Akiki wanazovaa wanaume wetu kwenye pete za fedha zimekuwa zikitiwa rangi tangu zamani za kale. Feruzi na marijani za bei ya chini mara nyingi ni mawe mengine yaliyotiwa rangi. Swali la "kimefanywa nini" linakupa bei inayostahili na namna ya kukitunza.

Wala usidhani vya zamani viko salama kwa sababu ya umri wake. Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto mwaka 1902, na tangu hapo zimeuzwa dunia nzima. Kito chekundu cha pete ya bibi mzaa bibi huenda kilitoka kiwandani. Ukikitazama kwa kioo cha sonara, mistari ya ndani imepinda kama mifuo ya santuri, kwa sababu jiwe lilikua kwa matone yaliyomwagikiana. Yakuti ya ardhini mistari yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Nilipojifunza hilo nilikwenda kukitazama kito cha kidani cha mama. Mistari ilikuwa imepinda. Sikumwambia, na kidani bado nakitaka kuliko chochote alicho nacho.

Sasa almasi, maana ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mwaka jana mpwa wangu alikuja na mchumba wake, wakaniambia: "Mama mdogo, tunataka almasi ya karati 18." Nikawakalisha barazani. Karati ya dhahabu na karati ya jiwe ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 22 hupigwa muhuri wa 916, 18 hupigwa 750, 9 hupigwa 375. Karati ya jiwe ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya karati 18 ingekuwa jiwe la gramu 3.6, mali ya wafalme. Muuzaji asiye mwaminifu anaufurahia mkanganyiko huu. Anakwambia "karati 18" akimaanisha dhahabu, wewe unasikia almasi.

Vipimo vya almasi ni vinne: uzito, rangi, usafi na mkato. Vimesambazwa duniani na GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Rangi hupimwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano. Sisi watu wa pwani tunapenda dhahabu ya manjano, na ndani ya dhahabu ya manjano jiwe la J linaonekana jeupe vilevile. Kulipia D hapo ni kumlipa muuzaji kwa kitu ambacho pete yenyewe inakificha. Usafi nao hupimwa kwa kioo cha mara 10, si kwa macho ya shemeji zako. Jiwe la daraja la VS2, yaani lenye dosari ndogo sana, na mara nyingi hata SI1, lenye dosari ndogo, halina doa utakaloliona kwa macho matupu. Uzito una mtego wake: bei huruka panapofika namba nzima. Almasi ya mviringo ya karati 1 ina upana wa milimita 6.5 hivi, ya 0.90 ina 6.2. Hakuna mtu atakayeiona tofauti hiyo kidoleni, lakini mfuko utaiona.

Mkato ndio ninaoupigania. Nimeona watu wakibana pesa kwenye mkato ili wapate jiwe zito, na hapo ndipo uzuri wote unapokwenda. Almasi haina mwanga wake. Inaupokea mwanga kwa juu, inaurushia kwenye nyuso za chini, na kuurudisha kwenye jicho lako. Ikikatwa fupi mno, mwanga unavuja kwa chini na katikati panapwaya. Ikikatwa ndefu mno, katikati panakuwa peusi, na uzito ulioulipia umejificha tumboni kwa jiwe, hauonekani. Cheti kikisema mkato ni Excellent au Very Good, hapo pesa yako imekaa pazuri.

Na usiitazame chini ya taa za duka. Zile taa ndogo ndogo kali hata kioo cha chupa zinakifanya kimeremete. Omba utoke nayo nje, muuzaji akiwa kando yako. Mji wetu umetupa chombo bora cha kupimia, ambacho ni kivuli cha vichochoro. Simama kwenye kivuli kati ya kuta mbili, mwanga ukitoka juu tu, uigeuze taratibu. Almasi iliyokatwa vizuri itaendelea kuwaka humo kivulini. Iliyokatwa vibaya itazima kama jicho la samaki wa jana.

Watu huniuliza kuhusu kuipulizia pumzi. Ni kweli, ukungu wa pumzi hutoweka upesi kwenye almasi na kukawia kidogo kwenye zirkonia, ambayo ndiyo bandia ya kawaida kabisa. Lakini kuna moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, ambayo nayo hupitisha joto vizuri mno. Inaondoa ukungu upesi vilevile, na kile kifaa cha kulia "piip" kinachopima joto kinaidhania almasi. Kwa kioo cha sonara, ukiitazama kwa pembe, kingo za nyuma utaziona mbili mbili. Kukwaruza kioo cha dirisha hakuthibitishi chochote, maana hata jiwe la kawaida kama kwatzi linakwaruza kioo. Na nakuomba usijaribu nyundo. Almasi haikwaruziki kwa jiwe lingine, lakini ikipigwa mahali pake inapasuka.

Almasi za maabara, yaani zilizotengenezwa na watu, ni habari nyingine. Hizo ni almasi kweli, kaboni ileile, na hakuna sonara atakayezitofautisha kwa macho wala kwa kioo chake. Zinahitaji mashine. Bei yake ni ndogo mno kuliko za ardhini, na ukitaka kuiuza tena utapata kidogo sana. Mtu akikuuzia ya maabara kwa bei yake na kwa jina lake, nunua kwa roho safi. Kinachouma ni kulipia bei ya almasi ya ardhini ukapewa ya maabara. Ndiyo maana kwa almasi ya thamani nataka cheti cha maabara ya kupimia vito inayojulikana, kama GIA au IGI. Nyingi zina namba ya cheti iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, ndogo kuliko unywele. Isome kwa kioo, kisha itafute kwenye tovuti ya maabara iliyotoa cheti hapohapo dukani, kwa simu yako, si yake.

Mpwa wangu na mchumba wake walipopiga hesabu waliona almasi nzuri iko mbali na mfuko wao, na almasi mbaya sikuwaruhusu. Nikawaonyesha tsavoraiti. Ni kito cha kijani cha jamii ya ganeti, kilichopewa jina la Tsavo, mbuga ya hapa Kenya. Campbell Bridges aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, na baada ya miaka michache akaipata Taita-Taveta. Kwa kawaida haipashwi moto wala kutiwa mafuta, inavyotoka ndivyo inavyokatwa. Kubwa ni adimu, zikipita karati 2 na usafi mzuri bei inapanda vibaya, lakini wao walihitaji ya milimita 5 tu.

Yule sonara mzee aliifunga kwenye dhahabu ya karati 18. Mpwa wangu alitaka ya 22 kama ya mama yake, mzee akakataa: ya 22 ni laini, kucha zinazoshika kito zinalegea, siku moja unanawa mikono na jiwe linakwenda na maji. Kwenye risiti aliandika kwa mkono wake: "Tsavoraiti asili, haikutiwa dawa wala moto, milimita 5, dhahabu 750." Akatia sahihi na tarehe.

Kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoanzia 1 hadi 10, tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, na mchanga na vumbi letu vina chembe za kwatzi, ambayo ni 7. Kwa hiyo mpwa wangu anaivua akienda pwani Shela, na anaivua kabla ya kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Amepigilia msumari mdogo ukutani, juu kidogo ya kinu, na hapo ndipo pete inapokaa mpaka wali uive.