Maswali na majibu: Mitihani ya dhamiri kwenye michezo ya kuigiza mezani

Naendesha mchezo wa mezani: kila mchezaji anaigiza mhusika wake, nami nasimulia yanayowapata. Kila nikiwapa wachezaji wangu mtihani wa maadili, wanachagua wema papo hapo. Nakosea wapi?

Wema wako hauwagharimu kitu. Kumwokoa mtoto au kumwacha afe si mtihani. Nani atakaa kufikiri? Wape mambo mawili wanayoyataka, wapate moja.

Tuseme wamemkamata kijana aliyekuwa akiwalindia majambazi kambi. Amejisalimisha, analia, mguuni ana kiatu kimoja. Wakimwachia, kabla ya alfajiri wakubwa wake watajua wageni wamepita njia gani. Wakimfunga mtini, msitu huo una fisi. Wakiondoka naye, chakula kilichobaki ni cha siku mbili. Yote hayo wajulishe mapema, maana anayechagua gizani anabahatisha tu. Na wewe mwendeshaji usiwe na jibu sahihi mfukoni. Wachezaji hulinusa, wakaanza kukutafuta wewe badala ya kumtazama kijana.

Tunacheza Dungeons & Dragons. Mhusika aliyeandikwa "mwema" ameua mateka. Nimwadhibu?

Mchezo huo ulipotoka Marekani mwaka 1974 msimamo wa kimaadili anaoandikiwa kila mhusika ulikuwa na pande tatu tu: sheria, vurugu na kati kwa kati. Wema na uovu vilikuja baadaye, misimamo ikafika tisa. Mimi sivipendi sana vile visanduku; vinageuza dhamiri kuwa ubishi wa kanuni. Mchezo mwingine wa aina hii, Vampire: The Masquerade wa mwaka 1991, ulifanya vizuri zaidi: mhusika ana alama za ubinadamu, na ukatili wake huzipunguza.

Kwako, acha ulimwengu ndio umjibu. Vikao vitatu mbele, mwenye nyumba ya wageni anakataa pesa yao. Kumbe yule mateka alikuwa mwanawe.

Mchezaji mmoja aliondoka katikati ya tukio la mateso. Nimwambie nini?

Mwombe radhi, basi. Kisha kabla ya mchezo mwingine kuanza, muulize kila mtu ni mambo gani hataki yaigizwe. Meza nyingi huweka pia kadi yenye alama ya X: ukiigusa, tukio linarukwa, na hakuna anayekudai maelezo.

Wanabishana saa nzima. Niwakatize?

Wakibishana kwa sauti za wahusika wao, kunywa chai yako, mchezo ndio huo. Wakianza kurudia hoja zilezile, waambie mbwa wa majambazi wanasikika wakibweka, tena karibu.