Ukifika Shanghai, anza na nyumba ya Mtaa wa Xingye

Wageni wangu kutoka nyumbani wakija Shanghai hutaka maghorofa ya Pudong, tena usiku, wapige picha. Sawa, tutafika. Lakini asubuhi huwapeleka kwanza Mtaa wa Xingye namba 76, ilikoanzia Chama cha Kikomunisti cha China. Kiingilio ni bure. Beba pasipoti, na usiende Jumatatu maana hufungwa.

Nenda mapema kabla makundi ya wanachama na wanafunzi hayajajaa. Chumba chenyewe ni kidogo, mita za mraba kama 18: meza ndefu, viti vya kukalia bila egemeo, vikombe vya chai. Samani zimepangwa upya kufuata hali ya wakati ule, kwa hiyo usipoteze muda mwingi kuitazama meza. Tazama nyumba. Ni ya matofali yenye fremu ya mlango ya mawe, nyumba ya familia, ya kaka yake mjumbe Li Hanjun, ndani ya eneo lililokuwa chini ya Wafaransa. Kikao cha kwanza cha chama kilifunguliwa Julai 23, 1921, wajumbe 13 kwa niaba ya wanachama 50 na ushei wa nchi nzima, pamoja na wageni wawili wa Kominterni, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti. Wajumbe kadhaa walilala kwenye shule ya wasichana iliyokuwa likizo, wakijiita wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kutembea. (Sherehe hufanyika Julai 1 kwa sababu mwaka 1938, tarehe ilipowekwa, hakuna aliyeikumbuka ile halisi.)

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla ya kwenda, yasome majina ya wale 13, halafu ukiwa ndani jiulize kila mmoja aliishia wapi. Wang Jinmei alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1925. Li Hanjun aliuawa 1927, Deng Enming 1931. Zhang Guotao, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alihamia kwa mahasimu wa chama, Kuomintang, mwaka 1938 na akafia Kanada. Chen Gongbo na Zhou Fohai waliingia serikali ya vibaraka wa Wajapani. Chen alipigwa risasi 1946. Waliosimama Tiananmen Oktoba 1, 1949, Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa, ni wawili tu, Mao Zedong na Dong Biwu. Ukiyajua hayo, picha za ukutani zinaanza kuzungumza, na utaona nani kapewa nafasi kubwa na nani kapitiwa haraka. Mimi hapo ndipo ninapojifunza zaidi kuliko kwenye maelezo yenyewe.

Ukitoka, hatua chache tu uko Xintiandi, nyumba za aina ileile zimegeuzwa mikahawa na maduka ya bei ya kutisha. Kunywa maji uliyobeba.

Kama una siku ya ziada, panda treni ya kasi hadi Jiaxing, kikao kilikomalizikia, kama nusu saa hivi. Julai 30 mtu asiyejulikana aliingia kikaoni kule Shanghai, wakatawanyika, polisi wakaja kupekua. Wang Huiwu, mke wa mjumbe Li Da, ndiye aliyewapangia mashua kwenye Ziwa Nanhu, akakaa mbele akilinda huku wenzake wakimalizia kikao ndani. Mashua unayoiona leo ilitengenezwa 1959 kwa mfano wa ile. Chakula cha mchana pale ni zongzi, wali wa kunata uliofungwa kwa majani. Ule maarufu una nyama ya nguruwe, na hata wa maharage huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu waulize kwanza.