Gari linawaka na kuzima: usinunue pampu bado

Ndugu, kama gari linawaka, linaunguruma sekunde chache kisha linazima, na fundi tayari anataka ununue pampu ya mafuta, mzuie kwanza. Washa huku umekanyaga mafuta kidogo. Likiunguruma vizuri mpaka uachie pedali, shuku hewa kabla ya pampu. Safisha masizi kwenye throto (mlango unaoingiza hewa kwenye injini), kisha kagua mpira mnene unaotoka kwenye chujio la hewa, hasa mikunjo ya chini isiyoonekana kwa urahisi. Ukipasuka, injini inavuta hewa ambayo sensa ya hewa haijaipima. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa hiyo, ujaribu tena. Likikaa bila kuzima, huenda sensa hiyo ina walakini, maana kompyuta ya gari sasa inatumia makadirio yake yenyewe.

Likizima hata ukikanyaga, hapo ndipo presha ya mafuta ipimwe kwa geji, na uitazame hasa wakati gari linapokata. Presha ikishuka, anza na relei (swichi ya umeme ya pampu), nyaya na chujio la mafuta. Pampu ni ghali, isitolewe kwa kubahatisha.

Na taa ya alama ya ufunguo ikimwekamweka kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya yote. Volkswagen nyingi huwaka na kuzima hivyo hivyo zisipoutambua ufunguo.