Leteni Kazi Ikiwa Bado Haijakwisha

Wanawake wengi ninaowajua hapa Mombasa wana mfuko wameuweka mahali, juu ya kabati au mvunguni mwa kitanda. Ndani mna mabaki ya leso, vitenge vilivyobaki kwa fundi, kikoi kilichochakaa, na gauni la mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Wanashona mfarishi wa vipande, shuka la kujifunika lililoungwa kwa vitambaa vidogo vidogo, polepole, usiku watu wakishalala, na hawamwonyeshi mtu. Wanasubiri uishe kwanza. Wengi wao hauishi, miaka inapita na mfuko uko palepale.

Nawaandikia hao. Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta wenzako watatu au wanne wanaopenda sindano, mpange siku ya kukutana, na kila mtu aje na kazi yake kama ilivyo, hata kama ni vipande vilivyokatwa tu bado havijaungwa.

Sisi hukutana Kibokoni, kwa mwenzetu mwenye ukumbi mpana na dirisha linaloingiza mwanga wa kutosha, Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Wengine wanavuka feri kutoka Likoni, wengine wanatoka Kisauni. Kazi huja kwanza, mahamri na mbaazi baadaye, na katikati yake mikono inaoshwa kwa sabuni. Mafuta ya hamri yakigusa kitambaa cheupe yanahitaji maombi.

Kwa nini nasisitiza kazi ambayo haijakwisha? Kazi iliyokwisha huwezi kuifanyia lolote ila kuisifu. Rafiki akiona rangi hazipatani, atanyamaza, maana kusema hakutasaidia kitu. Lakini kazi iliyopigwa bandi tu, yaani iliyoshikizwa kwa mshono mrefu wa muda, inafumuliwa kwa dakika chache bila kilio, na vipande vilivyotandazwa mkekani vinahamishwa kwa mkono. Hapo ndipo jicho la mwenzako lina faida.

Nitawapa mfano mmoja. Mwenzetu alikuja na vipande vya leso nyekundu na buluu iliyokoza, kavikata vizuri, kavipanga kwa kupishana. Kila akiviangalia anaona kuna kitu hakikai sawa, na hajui ni nini. Tulivitandaza sakafuni, mmoja wetu akapanda juu ya kiti akavipiga picha kwa simu, kisha akaitoa rangi picha ile ikabaki nyeusi na nyeupe. Tukaona sote kwa pamoja: nyekundu na buluu zile zilikuwa kijivu kimoja. Zilikuwa zimekoza sawasawa, kwa hivyo mpangilio wake wote ulizama. Akaingiza vipande vya kikoi cheupe kila baada ya viwili, na umbo likajitokeza palepale. Tangu siku hiyo hakuna anayeunga kitu kabla ya kukipiga picha isiyo na rangi. Jaribu nyumbani leo, hata kwa leso mbili tu.

Adabu ya mkutano ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kazi asemeshwe kwanza. Atasema, "Nisaidieni rangi, mshono niacheni," au atasema, "Leo nataka mnipe moyo tu, nimechoka." Wengine wamjibu alichouliza. Mtu asichukue mkasi akafumua mshono wa mwenzake bila ruhusa, hata awe ndiye mkubwa wetu kwa umri na ufundi. Na kila kazi igeuzwe nyuma. Nyuma ndiko mnakojifunza: pale mafundo yalipojificha, uzi ulipolegea, na namna mtu alivyopita kwenye kona ngumu. Mtu akikuonyesha nyuma ya kazi yake amekuamini, basi usije ukalipeleka hilo kwenye kikao kingine.

Mkishazoeana mtataka kushona mfarishi mmoja kwa pamoja, kila mtu na vipande vyake, halafu mnaunganisha. Hapa inabidi muwe wakali kidogo. Pataneni kwanza nafasi ya mshono, yaani upana wa kitambaa unaobaki kati ya mshono na ukingo, na iwe robo inchi kwa wote. Vipande vinane vya safu moja vina mishono saba. Mmoja akishona kwa nusu inchi, kila mshono unakula nusu inchi zaidi, robo kwa kila upande, na safu yake itakuwa fupi kwa inchi tatu na nusu ikiwekwa kando ya safu ya jirani. Ukivuta kulazimisha, mfarishi utajikunja na hautalala hata upigwe pasi mara ngapi. Sisi hukata kigezo cha kadibodi ngumu, kimoja kwa kila mtu, vyote vikitoka kwenye kipimo kimoja.

Leso mpya ifueni kabla ya kuikata. Inatoka dukani na wanga, ngumu, na pamba ikiingia maji hurudi. Nyekundu na nyeusi zijaribiwe: lowesha pembe, isugue kwenye kitambaa cheupe, ukiona alama, ifue peke yake tena na tena mpaka maji yatoke safi. Na pini msiziache ndani ya kitambaa wiki nzima. Hewa yetu ya bahari inakula chuma haraka, hasa masika, na alama ya kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki kwa kufua tu. Toa pini, piga bandi kwa uzi, ndipo uweke kazi mfukoni.

Kuhusu jina la leso, yaani usemi ulioandikwa juu yake: ukilikata katikati linabaki nusu ya usemi, na nusu ya usemi huweza kusema jambo usilolikusudia. Kama mnabadilishana vipande, soma kwanza unachompa mwenzako. Leso zina vijembe, na kijembe kikiingia ndani ya mfarishi wa biarusi kitakaa kitandani mwake miaka. Mimi hupenda kuliacha jina zima, likae kama mstari mmoja mrefu kwenye ukingo.

Wapo wanaosema kuunga vipande ni mchezo wa Wazungu. Siwakubalii. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya leso vilivyokuja vimeungana kwenye jora, wakavikata vitatuvitatu, wakashona safu mbili pamoja wakapata vazi moja la vipande sita. Kiwanda kilifuata baadaye kuchapa kile ambacho mikono ya wanawake ilikuwa imeshakibuni. Kwa hivyo anayeunga vipande Mombasa yuko kwao.

Sasa nije kwenye kutembea. Kundi linaloshona bila kutoka kwenda kuona kazi za watu wengine hudumaa, mnaanza kushona vitu vinavyofanana. Tokeni pamoja. Pa kuanzia pa karibu ni Biashara Street, ambako duka la Kaderdina linauza leso za Mali ya Abdulla tangu 1887. Nendeni asubuhi kabla ya msongamano, na msiende kununua. Nendeni kutazama pindo na mji, ile sehemu ya katikati, zinavyopatana, rangi tatu zinavyoweza kujaza kitambaa kizima. Mwombe muuzaji kwa heshima akukunjulie mbili tatu, na mkimaliza, nunueni walau doti moja, yaani leso pacha, ya kundi.

Bombolulu nako kunafaa sana. Mafundi wenye ulemavu wanafanya kazi pale tangu 1969, na mtu anaweza kuona kazi ikitengenezwa, akaongea na mwenye mikono iliyoitengeneza. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani huvuta watu kwa ng'ombe na mashine, lakini zungukeni pia mabanda mtafute kazi za mikono. Na mkiweza kujipanga mapema, changeni nauli mwende Lamu wakati wa tamasha la utamaduni. Basi hadi Mokowe, kisha boti. Kofia zinazodariziwa kwa mkono kule zitawafundisha kuhusu mshono mdogo kuliko maelezo yoyote niwezayo kuandika hapa.

Mkifika kwenye maonyesho, tawanyikeni kwanza. Kila mtu azunguke peke yake na achague kazi moja iliyomgusa, kisha kutaneni mzunguke tena pamoja mkiongozana, kila mmoja akieleza yake. Mkizunguka pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeona kwa niaba ya wote. Simameni mbali, kama hatua sita, mwone umbo lote. Halafu sogeeni mpaka uzi uonekane. Msiguse, maana mikono ina mafuta na jasho, na kazi ya miezi huchafuka kwa kupapaswa na mamia ya watu. Kwenye maonyesho makubwa ya mifarishi huko Marekani kuna watu maalumu wanaovaa glavu nyeupe, na ukitaka kuona nyuma ya kazi ndio wanaokugeuzia. Sisi huku tunaweza kumwomba mwenyewe atugeuzie, na mara nyingi anafurahi. Picha nazo ziombwe. Mtindo wa mtu ukiupenda, mwambie, na usiende kuushona kwa ajili ya kuuza bila ridhaa yake. Maoni makali yasubiri mpaka mko ndani ya tuktuk.

Yale maonyesho makubwa ya Houston, Texas, yanayofanyika kila mwaka, wengi wetu tutayaona kwenye simu, na si haba. Tafuteni picha za mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa; akina mama hao walishona kwa nguo kuukuu za kazi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, na 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mistari yao haikunyooka kwa rula, lakini imenyooka kwa jicho. Nimeiangalia sana, na imenipa ujasiri wa kuacha kipande kikiwa na upana wake.

Ila kama nitaambiwa nichague kitu kimoja cha kujifunza kutoka mbali, nitachagua kawandi, mifarishi ya Wasiddi wa Karnataka, India, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, hasa upande wetu huu wa mashariki. Wanaanzia pembeni. Wanaweka kipande, wanakunja ukingo kwa vidole, wanakishona moja kwa moja juu ya bitana kwa mshono wa mbele, na wanazunguka kuelekea ndani, duru baada ya duru, hadi wafike katikati. Kwenye kila pembe wanashonea kikunjo kidogo kinachoitwa phula, na bila hicho wanaona kazi haijakamilika. Tulipoujaribu mtindo huu tuliupenda mara moja, kwa sababu watu wanne wanaweza kukaa kila mmoja kwenye pembe yake ya kitambaa kimoja na kushona kwa wakati mmoja. Hauhitaji kujazwa sufi wala blanketi ndani. Kwa joto la Mombasa, tabaka mbili na vipande vyake zinatosha kabisa kujifunika alfajiri ya Julai.

Kundi la kushona lina kazi nyingine ambayo hamtaipanga, itakuja yenyewe. Mwenzetu alifiwa na mumewe. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na muda wote huo hatoki bila dharura. Tukahamishia Jumamosi zetu kwake. Mwanzoni hakushika sindano, alikaa nasi tu, akitutungia uzi. Baadaye akaleta mwenyewe kanzu na vikoi vya marehemu, akasema angependa viwe mfarishi kwa watoto.

Likiwafika kama hili, nendeni taratibu. Asikate mtu nguo ya marehemu kwa huruma yake mwenyewe. Nguo zile ni mali ya warithi, basi waulizwe, wakubali, ndipo mkasi uguse. Msubirini mjane aseme yeye, msimpe wazo mkiwa bado kwenye siku za kwanza. Mfuko wa kanzu usitupwe, unaweza kushonewa juu ya kipande ukabaki mfuko. Watoto wake wanatia mikono mle. Na kola ya kanzu, ile iliyodariziwa kwa mkono, ilikaa katikati bila kukatwa.

Limebaki jambo linaloleta maneno kwenye makundi mengi: mfarishi wa pamoja ukiisha, ni wa nani? Amueni kabla ya kukata kipande cha kwanza, kila mtu akiwepo. Unaweza kuwa zawadi ya mtu mnayemjua, unaweza kuuzwa mkagawana au mkatia kwenye mfuko wa safari, unaweza kuzunguka nyumba hadi nyumba. Lolote mtakalochagua, mmoja aliandike kwenye daftari pamoja na nani katoa kitambaa na nani katoa pesa ya uzi. Na wote walioshona watie majina yao kwenye pembe ya bitana, pamoja na mwaka. Yadarizini kwa uzi, msiandike kwa kalamu, maana wino wa kawaida unafifia ukifuliwa mara kadhaa.