Msikatae Mgonjwa Kutolewa Maji ya Mgongo

Huku kwetu Kigoma, ukitaka ukoo ugombane wodini, daktari aseme tu anataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Nilipokuwa namuuguza mdogo wangu, aliyekuwa na TB ya utando wa ubongo, baba mdogo alikuja mbio kutoka Ujiji kukataa: "Wakimchoma atapooza huyo!" Hofu hiyo ina chimbuko. Wagonjwa wengi huchomwa wakiwa wameshazimia, wakifa lawama inaiangukia sindano. Sindano yenyewe huingia kiunoni, chini ya pale uti unapoishia, na mwili wa mtu mzima hutengeneza takribani nusu lita ya maji hayo kwa siku, kwa hiyo yanayotolewa hujazwa upya. Kichwa kinaweza kuuma siku chache, basi. Ila daktari akisema tusubiri kwanza picha ya kichwa, msimharakishe, ana sababu.

TB ya utando wa ubongo haina pupa. Mdogo wangu alianza kwa kichwa, homa za jioni na kununa, kisha akawa anachanganya majina ya wanawe. Mtaani wakasema mapepo.

Maji yalipotoka yalikuwa maangavu kabisa. Baba mdogo akafurahi, si unaona ni safi! Daktari akamwonyesha kichupa dirishani, akamweleza kwamba homa ya uti wa mgongo ya bakteria wengine ndiyo mara nyingi huyachafua maji yakawa na ukungu, lakini ya TB huweza kuyaacha yanang'aa. Yakikaa, wakati mwingine hufanya kitu kama utando wa buibui.

Majibu ya maabara yaulizieni kwa pamoja. Kwenye TB, seli nyeupe aina ya limfosaiti huwa zimeongezeka, protini imepanda, mara nyingi kupita gramu 1 kwa lita, na sukari imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwenye damu. Ndiyo maana sukari ya damu ipimwe wakati huohuo. Bila hiyo, ile ya mgongoni huna cha kuilinganisha nayo. Mgonjwa apimwe pia VVU na fangasi wa kriptokokasi, maana huyo naye huleta picha inayofanana.

Kipimo cha GeneXpert Ultra, kinachosaka vijidudu vya TB kwenye maji hayo, kimesaidia sana, lakini vijidudu mgongoni huwa vichache. Kwa hiyo maji yawe ya kutosha, mililita 6 au zaidi kwa mtu mzima, siyo matone mawili matatu. Na kikirudi hasi, msibebe mgonjwa kurudi nyumbani. Hasi haiondoi TB, na daktari anaweza kuanza dawa kwa dalili na namba zile nyingine.

Je, atapona? Namba zinasaidia kukisia, na protini ikiwa juu mno daktari huwaza kwamba njia inayopitisha maji hayo imeziba. Ila kinachosema zaidi ni hali ya fahamu siku dawa zinapoanza. Anayeanza akiwa anaongea ana nafasi kubwa kuliko aliyezimia. Mimi kwa hilo sibishani na mtu.

Dawa za TB kwetu ni bure, na kwa mtu mzima kawaida ni miezi 12. Deksamethasoni ya kupunguza uvimbe hushushwa kidogokidogo, haikatishwi ghafla hata akiamka anadai migebuka. Na watoto wa chini ya miaka 5 mnaoishi nao nyumba moja, wapelekeni kliniki ya TB wakaangaliwe wiki hiyohiyo.