Msaada kwa mgonjwa wa figo kutoka Mpwapwa

Pole sana dada kwa kuuguliwa na mama mkwe. Umeuliza kama vikundi vya hapa Dodoma vinalipia kusafisha damu. Chetu hakina uwezo huo. Mgonjwa kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 hivi kila mara, na huduma hiyo ni ya maisha asipopandikizwa figo. Tunachobeba ni yale yanayowamaliza watu kimyakimya: nauli, mahali pa kufikia karibu na hospitali, na kufuatilia bima. Bima ishughulikieni kabla hamjauza ng'ombe, nakuomba sana. Muoneni pia afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama.

Akina mama wa kikundi chetu huwafundisha ndugu kumpikia mgonjwa. Mchicha unachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, ndipo unaungwa. Mlenda usitiwe magadi, maana yana sodiamu kama chumvi. Maji ya kunywa yapimwe kwa kikombe alivyoelekeza daktari, hata kwenye joto la Oktoba.

Upandikizaji upo hapa hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018. Kama kuna ndugu aliye tayari kutoa figo, ulizeni mapema.